Siku za Mwizi Huhesabiwa na Nani?

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Methali hii ni ya kweli, lakini haisemi ni nani azihesabuye. Katika makala haya mafupi nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu kwa nini hadithi za upelelezi zilizotungwa Marekani zamani zingali zinapendwa mpaka leo, na jinsi moja katika hizo ilivyonitia haya.

Mwanzilishi wa hadithi za namna hii ni Edgar Allan Poe. Mwaka 1841 alitoa "The Murders in the Rue Morgue" katika gazeti la mji wa Philadelphia. Mwandishi ni Mmarekani, lakini hadithi yenyewe aliiweka Paris, na mpelelezi wake, Dupin, si askari bali ni raia apendaye kufikiri. Mbegu hiyo ilienea mbali. Sherlock Holmes wa Uingereza alipotokea mara ya kwanza mwaka 1887, Dupin alitajwa humo kwa jina. Na Bwana Msa wetu, aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotolewa mwaka 1960, wengi humlinganisha na Holmes. Basi tukimsoma Bwana Msa, tunamsoma mjukuu wa Dupin.

Sababu ya kwanza ya kupendwa kwa hadithi hizi ni kwamba msomaji hupewa kazi. Ellery Queen ni jina walilojipa binamu wawili, Frederic Dannay na Manfred B. Lee, ambao kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1929. Katika vitabu vyao vya mwanzo hufika mahali hadithi ikasimama, na msomaji akaambiwa kwamba dalili zote sasa anazo, amtaje mhalifu mwenyewe. Hapana shaka mwanafunzi apendaye hisabati ataifahamu raha hiyo.

Sababu ya pili ni uaminifu wa mpelelezi. Dashiell Hammett alifanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton kabla hajawa mwandishi, kwa hiyo alizijua njia za wahalifu. Katika The Maltese Falcon, cha mwaka 1930, watu wanadanganyana na kuuana kwa ajili ya sanamu ya ndege, na mwisho sanamu yenyewe ni ya bandia. Mpelelezi Sam Spade anagundua kwamba aliyemwua mshirika wake ni mwanamke ampendaye. Anamkabidhi kwa polisi. Naye Philip Marlowe wa Raymond Chandler, katika The Big Sleep cha mwaka 1939, hutoza dola 25 kwa siku pamoja na gharama zake, na matajiri wa Los Angeles hawawezi kumnunua zaidi ya hapo.

Sababu ya tatu ni kwamba hadithi hizi zimewapa nafasi watu waliokuwa hawasikilizwi. Chester Himes, Mmarekani mweusi, alianza kuandika akiwa gerezani katika jimbo la Ohio. Mwaka 1957 alianza kutoa vitabu vya wapelelezi wawili weusi wa Harlem, na mwaka 1958 akapewa tuzo ya hadithi za upelelezi nchini Ufaransa.

Sasa nieleze lililonipata. Tulipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja bwenini alipoteza saa yake ya mkono. Palikuwa na mtoto mgeni wa kidato cha kwanza, mnyonge, asiye na saa wala sabuni ya kutosha. Bila ya kuulizana sana tulisema ni yeye. Mimi ndimi niliyelishika sanduku lake lilipomwagwa sakafuni. Hatukuona kitu, nasi tukazidi kusema kwamba ameificha mbali. Siku tatu alikula peke yake. Siku ya nne mvua ilinyesha, mwenye saa akalitwaa koti lake la mvua lililokuwa limetundikwa karibu na mlango, akaikuta mfukoni.

Mwaka uliofuata nilisoma hadithi ya Poe iitwayo "The Purloined Letter". Polisi wanapekua nyumba nzima wakitafuta barua iliyoibiwa. Wanachoma mito ya viti kwa sindano, wanachungulia miguu ya meza kwa kioo cha kukuzia, hawaioni. Kumbe imewekwa mahali pa wazi, ambapo kila aingiaye angeweza kuiona. Nilikifunga kitabu nikalikumbuka lile koti. Sisi hatukuwa tukitafuta saa. Tulikuwa tumekwisha kumpata mwizi, tukawa tunatafuta ushahidi wa kumtia hatiani.

Hapo ndipo nilipofahamu nguvu ya hadithi hizi. Mpelelezi mwema humwinda mhalifu, lakini pia humwokoa yule ambaye kila mtu amekwisha kumhukumu. Katika vitabu vingi mtuhumiwa wa kwanza siye mwenye kosa, na msomaji aliyeharakisha hubaki ameaibika peke yake na kitabu chake, ambako haya haimdhuru mtu mwingine.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu wazisome hadithi hizi. Siku za mwizi na zihesabiwe kwa makini, tusije tukamhesabia asiye mwizi. Yule mtoto sasa yu kidato cha tatu. Nilimwomba radhi muhula uliopita, naye alinijibu kwamba alikuwa akiningoja.