Pampu ya Pawa Stelingi Ipo, Bolti Hazipo: Vidokezo 10 vya Kuifunga Ikafungika

Pampu imeshabadilishwa sili, imesafishwa, inang'aa kuliko injini yote. Unainama kuirudisha mahali pake, halafu unakuta bolti mbili wakati masikio ya pampu ni matatu. Pole sana, lakini usivue ovaroli! Bolti iliyopotea ni shughuli ya asubuhi moja, na ukishajua unachokitafuta utaimaliza hata kama spana umeanza kuishika juzi.

Tukubaliane jambo moja kabla hatujaanza: hatufungi kwa waya, na hatuachi sikio moja wazi eti mbili zinatosha. Ukikata usukani mpaka mwisho, pampu husukuma oili kwa mgandamizo unaoweza kufika bar 80, huku belti ikiivuta upande mmoja. Sikio lisilo na bolti linayaachia mengine mzigo wote. Brakiti inapata ufa, puli inapinda, belti inaruka, na usukani unakuwa mzito ghafla. Kama belti hiyo hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji, injini nayo itachemka. Hebu fikiria hayo yakukute kwenye kona za mlima Kitonga, lori likiwa nyuma yako. Haya, twende kazi!

1. Hesabu matundu, usihesabu bolti

Injini ikiwa imepoa, piga brashi ya waya na mafuta ya taa kwenye pampu na brakiti. Tundu lililowahi kufungwa huacha ushahidi: duara safi lililokandamizwa na kichwa cha bolti au washa. Tundu lisilo na duara huenda halijawahi kuwa na bolti tangu kiwandani, kwa sababu ganda moja la pampu hutengenezwa kwa ajili ya injini zaidi ya moja. Umeona? Pengine huna upungufu wowote!

2. Sumaku kwanza, pochi baadaye

Funga sumaku ya spika kuukuu kwenye uzi, uishushe taratibu kwenye kinga ya chini ya injini na juu ya chuma kinachobeba injini. Bolti nyingi "zilizopotea" zimelala hapo hapo.

3. Kichwa cha bolti kinataja kwao

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoumizia brakiti. Magari mengi ya barabara zetu ni ya Kijapani, na bolti zake zina kawaida yake. Ya unene wa milimita 8 hufunguliwa kwa spana namba 12, ya milimita 10 kwa namba 14. Zile za duka la vifaa vya ujenzi ni za ukoo mwingine: ya milimita 8 huchukua spana 13, ya milimita 10 huchukua 16 au 17. Kwa hiyo spana yenyewe inakwambia bolti imetoka wapi.

Kwa nini tujali? Kwa sababu ya uzi. Kwenye milimita 8 kwa kawaida hakuna ugomvi, kote uzi ni 1.25, yaani kutoka jino hadi jino ni milimita moja na robo. Mtego uko kwenye milimita 10. Ya Toyota na ndugu zake wengi wa Japani ni 1.25, lakini ya dukani mara nyingi ni 1.5. Itaingia mizunguko miwili mitatu, itagoma, na ukiilazimisha itakula nyuzi zote za tundu. Bolti ya bei ya soda imeshakuingiza kwenye gharama ya brakiti nzima!

Mbinu yake ni rahisi. Chukua bolti iliyobaki, ilaze ubavuni mwa ile unayotaka kununua, meno kwa meno, kisha uziinue kwenye mwanga. Yakikaa ndani ya mengine bila mwanya, umepata. Hakuna hata moja iliyobaki? Fungua moja ya altaneta au kompresa ya AC na uijaribu kwa vidole kwenye tundu la pampu. Ikiingia laini mpaka ndani, hiyo ndiyo sampuli yako ya kwenda nayo dukani. Ukifika Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, usiseme tu "nipe bolti ya pampu." Sema: "Kaka, naomba ya milimita 10, uzi 1.25, kichwa 14, urefu huu hapa." Utahudumiwa kama fundi mkuu! Na ukikutana na pampu ya mtumba inayouzwa pamoja na brakiti ya injini kama yako, uliza kama bolti zake zimo. Hizo ni za asili na saizi yake haina ubishi.

Mwenye Land Rover ya zamani, wewe pima upya kabisa: nyingi zina bolti za inchi.

4. Kijiti cha mshikaki kipime kina

Shikiza pampu mahali pake, penyeza kijiti kwenye sikio mpaka kigonge mwisho wa tundu, kisha weka alama kwa kalamu usawa wa sikio. Bolti yako, ikipimwa chini ya washa, iwe fupi kuliko alama hiyo kwa milimita mbili au tatu. Ikiwa ndefu itagonga mwisho kabla haijabana. Mkononi utahisi imekaza, kumbe pampu inacheza. Ikiwa fupi itashika nyuzi chache mno. Kwenye brakiti ya alumini, bolti ya milimita 10 inahitaji kushika karibu milimita 15. Kwenye chuma, milimita 10 zinatosha.

5. Soma namba za kichwani

Tafuta 8.8 au 10.9, ndizo alama za uimara wa bolti. Bolti za asili za Toyota huwa na namba moja tu, kwa mfano 7. Kichwa kisicho na namba wala alama yoyote? Kitakufaa kwenye geti la nyumbani, pampu itafutie nyingine.

6. Mrundo wa washa si bushi

Wakati mwingine kilichopotea si bolti, ni bushi, kile kipande cha bomba kinachokaa kati ya pampu na brakiti. Kishawishi ni kupanga washa tano na kukaza. Usifanye hivyo, rafiki! Washa nyingi huteleza moja juu ya nyingine, hukaa, na baada ya muda bolti inalegea.

Fanya hivi. Funga bolti nyingine kwa vidole tu, kisha laza rula ya chuma juu ya uso wa puli ya pampu na puli ya injini mpaka belti ipite kwenye mstari mmoja. Sasa pima mwanya uliobaki kwenye sikio. Huo ndio urefu wa bushi. Mpelekee mchonga vyuma kipimo hicho pamoja na bolti yenyewe, akuchongee kipande kimoja cha chuma chenye tundu. Ni kazi ya dakika chache kwenye mashine yake, na belti yako haitapiga kelele kila asubuhi.

7. Bolti yenye tundu katikati haina mbadala

Kwenye pampu nyingi, hozi ya mgandamizo hufungwa kwa bolti iliyotobolewa ndani, kwa sababu oili hupita humo humo. Ukiweka bolti ya kawaida umeziba njia. Tafuta yenyewe, na nunua washa mbili mpya za shaba, moja juu na moja chini ya kichwa cha hozi. Zile za zamani zimeshabonyea na zitavuja, na oili ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Hapa usibane matumizi hata kidogo.

8. Vidole kwanza, spana mwisho

Ingiza bolti zote kwa vidole, angalau mizunguko mitatu kila moja, kabla hujakaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mapema, matundu ya nyingine yatakataa kulingana. Kuna bolti haifikiki kwa sababu ya puli? Zungusha puli taratibu: mara nyingi matundu yaliyo usoni mwake yamewekwa ili soketi ipite. Raha iliyoje!

Baada ya hapo vuta belti mpaka ukiibonyeza kwa kidole gumba katikati ishuke kama sentimita moja, kisha ndipo ukaze. Ukihitaji kusukuma pampu kwa nondo, egemeza kwenye ganda lake la chuma, kamwe si kwenye kikopo cha oili. Mwenye spana ya kupimia nguvu afuate kitabu cha gari. Kwa bolti nyingi za 8.8, milimita 8 huhitaji karibu nyutoni mita 20 hadi 25, na milimita 10 karibu 40 hadi 45. Na kama nyuzi za tundu zimeshaliwa, usijazie gundi. Mchonga vyuma anaweza kupanua tundu na kupandikiza uzi mpya wa chuma, na mara nyingi ule mpya unakuwa imara kuliko wa zamani.

9. Toa hewa kwa subira

Soma mfuniko wa kikopo kabla ya kumimina. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF ya Dexron II au III, Honda ina oili yake yenyewe, na kuchanganya kunaharibu sili ulizotoka kuzilipia. Inua magurudumu ya mbele juu ya stendi, si jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule mara kadhaa, huku msaidizi akiongeza oili. Kisha washa na urudie, bila kuushikilia usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache. Oili ikiwa na povu au rangi ya maziwa, hewa bado imo. Zima, pumzika, rudia tena.

10. Omba rangi ya kucha kwa dada

Ndiyo, rangi ya kucha! Chora mstari mwembamba kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye ganda la pampu, kila bolti na mstari wake. Baada ya siku chache za kuendesha, fungua boneti asubuhi injini ikiwa baridi, uangalie. Mstari ukiwa bado umenyooka, funga boneti uende zako. Ukiwa umekatika, bolti imezunguka: itoe, safisha nyuzi, tia tone la gundi ya bolti ya bluu, ukaze tena na kuchora mstari mpya. Chagua bluu, kwa maana ile nyekundu siku ya kufungua itakutaka uipashe moto kwanza.