Aliyepasuliwa Utumbo, Arejee kwa Daktari?

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja mwenye duka Mau Narok. Amepasuliwa saratani ya utumbo mpana. Kipande kikakatwa na ncha mbili zikaungwa. Sasa ana nguvu zake, na daktari amemwambia kuwa mwaka ukitimia ashuke Nakuru achunguliwe utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Yeye auliza: aliyekwisha pona, yafaa afunue tupu yake tena? Na kurejea huko, si upungufu wa kumtegemea Mungu?

Jawabu letu ni kwamba arejee, wala asichelewe.

Utumbo uliobaki ni ndugu wa ule uliokatwa. Huweza kumea vinyama vidogo visivyouma, na baadhi yavyo, miaka ikipita, hugeuka saratani. Daktari akiviona huviondoa kwa mpira ule ule, pasi na kupasua tumbo. Hutazama pia mahali palipoungwa. Desturi ya madaktari ni kuchungulia baada ya mwaka 1. Pakiwa safi, baada ya miaka 3 mingine, kisha kila miaka 5. Ama ambaye utumbo wake uliziba, usionekane wote kabla ya kupasuliwa, yeye hangoji mwaka: huchunguliwa baada ya miezi 3 hadi 6. Na mpira huu hauoni ini wala mapafu. Basi vipimo vya damu na picha alizoagizwa asiziache.

Ama haya, ni jambo jema, lakini wanavyuoni wamejuzisha kufunua tupu kwa ajili ya tiba, kwa kadiri ya haja. Mwanamume amtafute daktari mwanamume, na mwanamke mwanamke. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake. Na kumtegemea Mungu si kuacha sababu. Mkulima wa ngano huko Mau hulima na kupanda, kisha huomba mvua. Hakai nyumbani akangoja shamba limee lenyewe.

Siku ya kutangulia haliwi chakula kigumu, na hunywewa dawa ya kuharisha mpaka kitokacho kiwe kama maji. Utumbo usiposafika, kinyama hufichika na safari huwa bure. Kwa hivyo ndugu yetu anywe dawa akiwa kwa jamaa Nakuru, asiwe nayo tumboni njiani. Afuatane na mtu, kwani hupewa dawa ya usingizi. Ikiwa atumia dawa za sukari au za kufanya damu iwe nyepesi, amwambie daktari mapema. Siku hiyo haifungiki: katika madhehebu ya Imamu Shafi, kitu kuingizwa njia ile hufunguza. Ikiangukia Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa, naye atalipa.

Mwisho, asiwafiche nduguze na wanawe maradhi haya. Wao pia wapasiwa kumuuliza daktari ni lini wapimwe, kabla hawajaumwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amtimizie afya. Naye ndiye ajuaye zaidi.