Mchora Picha na Mlima

Paul Cézanne alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Aix, inchi ya Ufaransa. Karibu na mji ule kuna mlima wa mawe meupe, jina lake Sainte-Victoire. Cézanne aliuchora mara nyingi, maana kila saa jua liliubadili rangi. Tena alikwenda L'Estaque, kijiji cha pwani, akachora miamba na bahari. Watu wengi walizicheka picha zake. Yeye hakuacha kazi. Mwezi wa Oktoba 1906, alipokuwa akichora nje, mvua kubwa ilimpiga, akaanguka. Kesho yake akashika tena burashi. Baada ya siku chache akafa. Leo picha zile zinatunzwa kama hazina.

Ulizo: Kwa nini Cézanne hakuchoka kuuchora mlima uleule?