Urithi wa Rangi: Mjusi Mwenye Ndevu Aliyepungukiwa na Weusi

Mjusi mwenye ndevu, Pogona vitticeps, asili yake ni nyika kame za ndani ya Australia. Yumo katika jamii ya Agamidae, pamoja na mijusi wenye vichwa vyekundu tunaowaona wakiota jua maweni huku Afrika Mashariki. Marekani na Ulaya hufugwa nyumbani, na wafugaji wengine huwapenda walio hafifu wa rangi, wenye kucha zisizo na weusi.

Weusi hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa katika seli maalumu za ngozi kutokana na asidi-amino iitwayo tirosini. Penye baridi, punje za melanini hutawanyika ndani ya seli hizo. Mjusi huwa mweusi zaidi, akafyonza joto upesi. Apatapo joto, punje hujikusanya, naye hung'aa. Mjusi hafifu anayo melanini, ila kidogo. Mnyama mwenye ualbino kamili hatengenezi melanini kabisa. Tusiwachanganye.

Tuiite jeni ya kawaida H, na ya uhafifu h. Jeni h hujificha mbele ya H. Hivyo mjusi Hh huonekana wa kawaida. Dume Hh akipandana na jike Hh, watoto hutazamiwa hivi:

HH: robo, wa kawaida
Hh: nusu, wa kawaida lakini wabeba h
hh: robo, hafifu

Robo hiyo ni bahati ya kila yai peke yake. Katika mayai 20 twatazamia hafifu 5, walakini waweza kutokea 3 au 8.

Wafugaji wenye haraka ya kupata hh hupandisha ndugu kwa ndugu. Hapo si h tu zinazokutana, bali na jeni nyingine zenye madhara zilizokuwa zimejificha.

Kanuni hii yatuhusu wanadamu pia. Aina nyingi za ualbino hurithiwa vivyo hivyo: wazazi wawili wenye ngozi nyeusi waweza kubeba jeni hiyo bila kujua. Mtoto akizaliwa na ualbino, hiyo si laana, wala mama hana hatia. Jeni moja imetoka kwake, na ya pili kwa baba. Mwalimu asipite haraka hapa.

Zoezi: Mjusi wa rangi ya kawaida amezaliwa na wazazi Hh na Hh. Je, kuna uwezekano gani kwamba anabeba h?

Jawabu: 2/3, wala si nusu, kwa kuwa si hafifu, robo ya hh imekwisha kuondolewa katika hesabu.