Kijana Anayejidhuru na Simu Yake
Kwa wazazi na walezi

Kijana anayejikata au kujiumiza kwa makusudi mara nyingi anajaribu kutuliza maumivu ya moyoni ambayo hajui ayaseme vipi. Hafanyi hivyo ili akuaibishe, wala si lazima awe anataka kufa. Hata hivyo, wanaojidhuru wamo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua siku za mbele, kwa hiyo usilipuuze jambo hili ukidhani ni utoto utakaokwisha wenyewe.

Wazazi wengi wakigundua, huanza kwa kumnyang'anya simu. Tunakusihi usikimbilie huko. Ni kweli kwamba mitandaoni kuna picha na mazungumzo yanayochochea kujidhuru, na hayo myazungumze. Lakini msukumo wa kujidhuru huweza kumjia usiku wa manane, nyumba nzima imelala, na hapo simu huenda ikawa ndicho kitu pekee kilicho karibu naye. Zipo programu za simu zilizobuniwa kumsaidia kijana katika saa kama hiyo.

Programu hizi hufanyaje kazi?

Calm Harm ni programu ya bure iliyobuniwa Uingereza na mwanasaikolojia Dkt. Nihara Krause wa shirika la hisani la stem4. Msingi wake ni kwamba msukumo wa kujidhuru huja kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Basi kijana haambiwi aache kabisa leo. Anaombwa avuke dakika 5, au 15. Anachagua la kufanya katika muda huo, iwe ni kujiliwaza, kuondoa mawazo kwenye msukumo, kutoa hisia zake au kupumua polepole, na programu inamhesabia muda. Baadaye anaweza kuandika kilichomsukuma, na kidogo kidogo akaanza kujijua.

BlueIce, ya Profesa Paul Stallard, ilibuniwa pamoja na vijana waliowahi kujidhuru. Ina shajara ya hisia, muziki na picha anazozipenda kijana, na namba za dharura. Hutolewa na wahudumu wa afya ya akili, ikisaidiana na matibabu ya ana kwa ana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusisha vijana 44 wa miaka 12 hadi 17, na wengi waliokuwa wakijidhuru walisema wamepunguza. Matokeo hayo yanatia moyo, ila utafiti ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha. Kwa maoni yetu, programu humpa kijana muda wa kuvuka saa ngumu. Kinachomuumiza bado kinahitaji mtu wa kukisikiliza.

Kabla hajapakua

Kaeni pamoja muikague: nani ameitengeneza, inachukua taarifa gani, inatumia lugha anayoielewa? Namba za msaada zilizomo mara nyingi ni za nchi ilikotengenezwa, kwa hiyo ahifadhi namba za hapa kwenu. Tanzania na Kenya, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure. Aongeze na ya shangazi, mwalimu au mtu mwingine anayemwamini.

Akifunga programu kwa namba ya siri, usimlazimishe akupe. Kijana anayejua kwamba shajara yake itasomwa ataacha kuandika ukweli. Muulize badala yake: "Mwanangu, nimeona unaumia. Sitakugombeza. Niambie, au nikutafutie mtu wa kuzungumza naye?" Kisha nyamaza, umsikilize, hata akichelewa kujibu.

Muulize pia waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Wengi hupata nafuu kuulizwa.

Usisubiri programu

Akisema anataka kufa, ameumia vibaya, au amekunywa sumu au dawa kupita kiasi, mpeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Usimwache peke yake njiani wala nyumbani, na dawa na vitu vya hatari viwekwe mahali asipovifikia. Mweleze daktari yote unayoyajua, na kabla ya kuondoka uliza ni lini na kwa nani atarudi kwa ushauri nasaha.