Mto Ruaha Mkuu: wananchi tuanzie wapi?

Swali: Sisi wakulima wa mpunga Mbarali tunaona Ruaha Mkuu ukikauka kiangazi. Mabango ya kutunza mto hayajasaidia. Tufanyeje?

Jibu: Bango haligawi maji. Ingieni jumuiya ya watumia maji, au undeni yenu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaitambua, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji itawaelekeza. Kazi ngumu ni zamu: nani afungue banio siku gani, na, muhimu zaidi, nani alifunge mpunga ukishavunwa. Maji yanayoachwa yatiririke kwenye majaruba matupu ndiyo mto mnaoulilia. Wafugaji wawemo tangu kikao cha kwanza, wasiitwe tu kusomewa faini. Ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni, unaolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, upimeni pamoja nao.