Mitaro ya Magurudumu Malishoni: Somo kutoka Shinyanga



Mara nyingi katika kurasa hizi twasema habari za mkarafuu. Leo twaomba ruhusa tuuache kidogo, tuseme habari za malisho. Wengi wetu tuna ng'ombe, wa maziwa au wa gari, nao hufungwa kamba katika nyasi za bondeni, chini ya shamba. Ikifika masika trekta na tela lake hupita humo humo, likaacha mitaro miwili mirefu iliyojaa maji. Sisi wenyewe tulipata kumwambia dereva, "Pita tu, bwana, utatoka." Hakutoka. Magurudumu yalichimba hata tela likalala juu ya tope, na nyasi za mahali pale hazikurudi kwa misimu miwili. Dereva hatumlaumu, amri ilikuwa yetu.

Yafaa basi tuwatazame wenzetu wa Bara, kwani nani ajuaye tope la malishoni kuliko Msukuma? Katika nchi ya Shinyanga, na kuendelea hata Geita ambako mvua ni nyingi zaidi, ardhi imepangwa kama ngazi. Juu kuna majabali. Chini yake udongo wa kichanga uitwao luseni. Kisha itogolo, udongo wa kijivu mgumu. Na chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Huu mweusi ukinywa maji huvimba na kunata, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutisha. Lakini ndani ya nyufa hizo mna rehema: udongo hujivunja wenyewe, na mtaro mdogo ukiachwa kiangazi kizima bila kukanyagwa hupona nusu pasipo jembe. Luseni haina dawa hiyo. Huko mtaro wa gurudumu, au hata njia ya ng'ombe waendao mtoni kila siku, ukielekea mteremko huwa mfereji, na mfereji huwa korongo. Mashamba yetu ya vilimani yenye mchanga yako katika hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kujaza, bali kuondoa maji. Fuateni mtaro mpaka mwanzo wake juu, mkate mfereji mdogo wa kuyatoa maji kando, yaingie penye nyasi. Kama mteremko ni mkali, wekeni vizuizi vya matawi au mawe kukingama mtaro kila baada ya hatua chache, ili mchanga ukamatwe. Mwenye kujaza kabla ya kutoa maji atajaza tena mwaka ujao.

Kazi ya pili ni kungoja, nayo ndiyo ngumu kwetu. Chukueni konzi ya udongo kutoka kina cha shibiri moja, mkaufikiche katikati ya viganja. Ukikubali kuwa kijiti chembamba kama penseli bila kukatika, bado una maji; rudini nyumbani. Ukimeguka, leteni majembe. Anayefanya kazi kabla ya hapo huufinyanga udongo kama chungu, na mizizi haipenyi.

Siku ikifika, msianze kwa kutupa udongo mpya. Sakafu ya mtaro imeshindiliwa. Itoboeni kwanza kwa mtaimbo au uma, mkiutikisa ili hewa iingie. Ndipo mrudishe ule udongo uliosukumwa kandokando na magurudumu, kwani ndio udongo wa juu wenye rutuba. Uacheni uinuke kama inchi mbili kupita usawa wa ardhi, maana utashuka. Tumeona wengine wakijaza makumbi ya nazi. Langoni yanafaa, na mawe ya matumbawe yanafaa zaidi. Katikati ya malisho huzuia nyasi tu.

Vuli au masika ikianza, pandeni vipande vya ukoka, kila kimoja hatua moja ya mtoto kutoka kwa mwenziwe, mkavikanyage kwa mguu.

Hapa ndipo Wasukuma wanapotupita. Wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, isiingie mnyama, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ndama, ng'ombe wa jembe na wanyama wagonjwa. Desturi hiyo ilikuwa imefifia sana, miti ikiwa imekatwa na mifugo imezidi, mpaka Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Mradi haukuleta jambo geni, uliihuisha ngitili, na ardhi iliyofungwa namna hiyo ikakadiriwa kupita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa, Equator Prize. Nasi hatuna nafasi kama yao, lakini kufunga ukanda wa upana wa trekta kwa msimu mmoja haumshindi mtu; vijiti vinne na kamba ya usumba vyatosha.

Kabla ya kumrudisha ng'ombe, shikeni ukoka kwa mkono mkauvute kama avutavyo yeye. Ukikatika, mfungulieni. Ukitoka na mizizi, ngojeni mvua nyingine.